Mbwa Asiye na Mwenyewe: Sheria za Kumkamata, Kumngojea na Kumhasi

Mbwa akipita sokoni peke yake, wachuuzi humtupia jiwe na kusema, "Huyo ni koko, hana mwenyewe." Neno hilo husemwa upesi, na mara nyingi si kweli. Wataalamu wa mifugo walioichunguza hali ya mbwa katika wilaya ya Machakos, na kuchapisha habari zao mwaka 2001, waliona ya kuwa karibu mbwa wote wa huko walikuwa na wenyewe, ingawa wengi wao hawakufungwa hata siku moja. Mbwa wa namna hiyo mchana huzunguka akitafuta chakula, na usiku hurudi kulala uani na kuwabwekea wapitao. Basi yule aitwaye koko sokoni, huko nyumbani ana jina lake, na yuko mtoto amwitaye kwa jina hilo.

Jambo hili yafaa lishikwe tangu mwanzo, maana sheria zote za mbwa wa kuzurura zimejengwa juu yake. Mbwa hajui kusoma tangazo la halmashauri. Anayetafutwa na sheria ni mwenye mbwa, na ndiyo sababu mnyama akikamatwa hauawi papo hapo, bali huwekwa zizini siku kadhaa, ili mwenyewe apate nafasi ya kuja kumtambua, kulipa gharama na kumchukua.

Desturi hii ya kungoja ina historia yake. Mwaka 1860, mjini London, bibi mmoja aitwaye Mary Tealby alifungua nyumba ya kuwatunza mbwa waliopotea na wenye njaa katika mtaa wa Holloway. Watu walimcheka, hata gazeti kubwa la mji likamcheka, kwa kuwa mbwa walipewa nyumba na hali maskini wengi walilala njiani. Swali lao halikuwa la kipuuzi, na hata leo huulizwa katika mabaraza yetu. Hata hivyo nyumba ile haikufungwa. Ilihamia Battersea mwaka 1871, nayo ingali ikifanya kazi. Sheria za Uingereza zilizofuata hazikusimama juu ya huruma peke yake. Zilimhesabu mbwa kuwa ni mali ya mtu, kama vile ng'ombe au baiskeli, na mali iliyopotea haina budi kwanza kutafutiwa mwenyewe.

Sheria ya Mbwa ya mwaka 1906 ilimpa askari polisi wa huko ruhusa ya kumkamata mbwa aliyemdhania kuwa amepotea. Kama shingoni mwake palikuwa na ukanda wenye anwani, ilikuwa lazima mwenyewe apelekewe barua. Mbwa alikaa siku 7 kamili. Zikipita bila mtu kuja, aliweza kuuzwa, au kuuawa pasipo kuteswa. Kifungu kimoja cha sheria hiyo kilikataza kabisa mbwa huyo asitolewe wala kuuzwa kwa watu wa kupasua wanyama hai kwa majaribio. Kifungu hicho chaonyesha hofu ya watu wa siku zile, yaani kwamba mbwa wa mtu aweza kukamatwa njiani asubuhi, na kabla ya juma kwisha akawa juu ya meza ya kisu. Mwaka 1990 ilitungwa sheria nyingine iliyowataka maofisa wa halmashauri wafanye kazi hii, lakini zile siku 7 hazikuguswa, wala katazo lile halikuondolewa. Mwenye mbwa hulipa gharama ya kumlisha na kumweka, na juu ya hiyo pauni 25. Tena, tangu Aprili 2016, ni lazima kila mbwa katika England atiwe chini ya ngozi kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye namba isomwayo kwa mashine. Ukanda waweza kukatika, lakini namba hiyo haipotei.

Mahali pengine siku za kungoja zilikuwa chache. Katika jimbo la California, nchi ya Marekani, kabla ya mwaka 1998 muda ulikuwa saa 72 tu. Mtu aliyesafiri kwenda kuzika, akarudi siku ya nne, aliweza kukuta mbwa wake amekwisha kuuawa. Sheria ya mwaka ule iliongeza muda ukawa siku 6 za kazi, bila kuihesabu siku ya kukamatwa. Ila zizi ambalo lilifunguliwa jioni moja katika juma, au siku moja ya mwisho wa juma, liliruhusiwa kungoja siku 4 za kazi. Jambo hili la saa za kufungua laonekana dogo, lakini lina akili ndani yake. Zizi likifungwa saa kumi, na mwenye mbwa akatoka kiwandani saa kumi na moja, siku alizopewa na sheria hazimfai kitu, ziwe tatu au kumi.

Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliweka mambo haya mikononi mwa serikali za kaunti: leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Pamoja na hayo ziko sheria za nchi nzima, nazo ni Sura ya 365 ihusuyo kichaa cha mbwa, na Sura ya 360 izuiayo ukatili kwa wanyama. Kwa kuwa kila kaunti ina mamlaka yake, msomaji asidhani kwamba siku za kungoja na ada za kaunti ya jirani ni sawa na za kwao. Aulize katika ofisi ya mifugo ya mahali pake, na afadhali aulize kabla mbwa hajapotea.

Mbwa akikosekana asubuhi, mwenyewe asingoje jioni akitumaini kwamba atarudi kwa njaa. Na aende zizini siku ile ile, yeye mwenyewe au mtu mzima wa nyumba yake amjuaye mbwa, akiwa na cheti cha chanjo na picha, kama ipo. Kupiga simu na kusema "mbwa wangu ni mwekundu, mkia mrefu" hakusaidii sana, maana wekundu wenye mikia mirefu watakuwako sita. Ukanda wa shingoni wenye kibati kilichoandikwa namba ya simu humalizia kazi hii yote kwa dakika chache, na bei yake haifikii hata ada ya siku moja ya kumkomboa mnyama. Ajabu ni kwamba watu wengi huandika jina juu ya jembe na juu ya ndoo, wasiandike juu ya mbwa, ambaye ndiye mwenye miguu ya kuondokea.

Sasa yafaa kuuliza kwa nini serikali ijisumbue na mbwa, na hali kazi ni nyingi. Katika Afrika Mashariki sababu kubwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika Kenya mwaka 1912, kwa mbwa mmoja wa viunga vya Nairobi, na haujaondoka tangu siku hiyo. Huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa, navyo huingia mwilini kwa jeraha la meno au kwa mate kugusa ngozi iliyochubuka. Kutoka hapo husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa juma moja, yaweza kufika mwaka. Katika muda huo mtu hajioni mgonjwa, na chanjo yaweza kumwokoa. Lakini dalili zikitokea, yaani homa, kuwashwa mahali pa jeraha, na koo kukazana kila aonapo maji, karibu hakuna anayepona. Katika ulimwengu mzima, watu wanne kati ya kila kumi walioumwa na mnyama adhaniwaye ana kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto hucheza na mbwa asiyemjua, na akiumwa huficha, kwa kuogopa kupigwa.

Hapa ndipo sheria ya kumzuia mbwa inapogusa uhai wa mtu. Mbwa akiuma, desturi ya watu wengi ni kumfukuza kwa mawe mpaka afe, kisha kumtupa shimoni. Hasira hiyo yaeleweka, lakini yaharibu ushahidi. Virusi huonekana katika mate ya mbwa siku chache tu kabla ya yeye mwenyewe kuanza kuugua. Kwa hiyo mbwa aliyeuma akifungwa na kuangaliwa siku 10, naye akabaki mzima, anakula na kunywa kama kawaida, daktari hujua kwamba siku aliyouma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Akiugua au akifa katika siku hizo, daktari hujua pia la kufanya. Lakini mbwa aliyekwisha kuoza shimoni hasemi lolote. Ikiwa hapana budi auawe, kichwa chake kisipondwe, kwa maana uchunguzi hufanywa katika ubongo. Na aitwe mtu wa mifugo, asishikwe kwa mikono mitupu.

Walakini matibabu hayangoji siku 10. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano, na arudi kila tarehe aliyopewa, hata kama kidonda kimekauka. Daktari akiona mbwa amebaki mzima baada ya siku zake, ni yeye atakayesema sindano zilizobaki ziachwe. Huko pwani, Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi wamezoea kuosha kilichoguswa na mate ya mbwa mara saba, mara moja kwa maji yenye udongo. Hilo ni sharti la tohara, nalo lina mahali pake. Lakini ndani ya jeraha udongo usitiwe, wala majivu, wala pilipili, wala mafuta ya taa.

Watu wengine husema, "Kama mbwa ndio waletao ugonjwa, na wauawe wote, mambo yaishe." Shauri hilo limejaribiwa. Kwa miaka mingi miji ya Afrika Mashariki iliwapiga mbwa risasi au kuwatilia sumu katika nyama, na ugonjwa ukabaki. Jaribio kubwa lilifanyika katika kisiwa cha Flores, nchi ya Indonesia, ambako hapakuwa na kichaa cha mbwa kabisa mpaka mwaka 1997, mbwa watatu walipoletwa kwa mashua kutoka Sulawesi. Serikali ya huko iliamuru mauaji, na karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa wakauawa. Ugonjwa haukukoma, uliendelea kuenea, na katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 100 wakafa.

Sababu si ngumu kuielewa. Mbwa wana wenyewe, kama ilivyoonekana Machakos, na mwenye mbwa akisikia wauaji wanakuja humficha, au humpeleka kwa shemeji yake katika kijiji cha pili, na pengine ugonjwa humfuata huko huko. Aliyechanjwa huuawa pamoja na asiyechanjwa. Kisha, nyumba iliyokosa mlinzi haikai bila mlinzi. Baada ya mwezi mmoja hutafuta mtoto wa mbwa, ambaye hajapata sindano hata moja. Hivyo mahali pa mbwa mzima mwenye kinga panachukuliwa na mchanga asiye na kinga.

Kinachouzima ugonjwa ni chanjo. Wataalamu wamehesabu kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, virusi hukosa mahali pa kupita, kama moto ukutao majani yamefyekwa. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuondoa vifo vya kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na Makueni ni mojawapo ya kaunti ambako kazi hiyo ilianzia. Katika kisiwa cha Pemba, ambako watu wengi hawafugi mbwa, ugonjwa ulitokomezwa kwa chanjo mwaka 2014. Ukaingia tena kutoka nje mwaka 2016, chanjo ikarudiwa, ukatokomezwa mara ya pili.

Lakini chanjo yenyewe ina adui, naye ni wingi wa watoto wa mbwa. Katika Machakos ilionekana kwamba mbwa hawaishi sana. Wastani wa maisha haukufikia miaka minne, na idadi yao hata hivyo ilizidi kuongezeka, kwa sababu waliokufa walifuatwa na wengi waliozaliwa. Mwaka huu watu wa mifugo wachanje 70 katika 100. Mwaka ujao wengi wa wale wamekufa, na mahali pao wamo wadogo wasiochanjwa. Ni kama kuchota maji kwa pakacha. Hapo ndipo inapoingia sheria ya kuhasi.

Mbwa jike hupata joto kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na wengine huanza wakiwa na miezi sita tu. Mimba ni siku 63 au karibu na hapo. Akizaa watoto sita kila mara, ni 12 kwa mwaka, na nusu yao ni majike ambao kabla ya mwaka wa pili kwisha nao watakuwa mama. Sasa chukua mbwa jike aliyekaa zizini, siku zake zikaisha, mwenyewe asitokee, akapewa mtu mwema aliyemtaka. Akitolewa hivi hivi, zizi limepata nafasi ya mbwa mmoja leo, na limejiwekea kazi ya mbwa sita baada ya miezi michache. Kwa sababu hiyo, katika wilaya kubwa za California, sheria yakataza zizi la serikali au la chama kumtoa mbwa kabla hajahasiwa. Daktari wa wanyama akithibitisha kwamba mbwa ni mgonjwa mno kwa kisu, mchukuaji huweka dhamana ya dola 40 hadi 75, naye hurudishiwa akileta cheti kwamba kazi imefanyika. Katika Kenya, chama kiitwacho KSPCA, ambacho asili yake ni ya mwaka 1910, nacho huwahasi na kuwachanja wanyama wake kabla ya kuwatoa kwa wafugaji wapya.

Wengi husita wasikiapo neno kuhasi. Husema kwamba mbwa aliyehasiwa huwa mvivu, haachi mwizi tu apite bali humlamba na mikono. Neno hili lashangaza likitoka kinywani mwa mfugaji, maana mfugaji ndiye ajuaye kwamba maksai huvuta jembe tangu alfajiri na fahali hafanyi ila kupigana. Mbwa hulinda kwa sababu ua ni wake na watu ni wake, na hayo hayaondolewi na kisu. Anachoacha dume aliyehasiwa, kwa sehemu kubwa, ni kule kutoroka kufuata majike na kurudi na majeraha, au kutorudi; na huko kutoroka ndiko kumpelekako zizini. Wengine hushika kwamba jike lazima azae mara moja kwanza ndipo awe na afya. Madaktari wa wanyama hawaoni ushahidi wa hilo. Pingamizi la haki ni moja, nalo ni bei: mtu wa kipato kidogo hawezi kumlipia mbwa upasuaji. Ndiyo maana kazi hii hufaa ifanywe zizini kabla ya mbwa kutolewa, na gharama yake iingizwe katika ada ndogo ya kumchukua, au ifanywe siku za kliniki za bure pamoja na chanjo. Kaunti inayoamuru kuhasi bila kuonyesha mahali pa kuhasi imeandika karatasi tu.

Kwa paka mambo ni yale yale, ila paka huzaa upesi zaidi, na ni vigumu kumwambia mtu yupi ni wake. Mahali pengine wale wa mitaani hukamatwa, huhasiwa na kurudishwa walikotoka, na ncha ya sikio moja hukatwa wakiwa wamelala kwa dawa, ili wasikamatwe tena bure.

Upasuaji wenyewe hufanywa na daktari wa wanyama, mnyama akiwa amelazwa usingizi, hasikii maumivu. Dume huondolewa mapumbu. Jike huondolewa vifuko vya mayai, na aghalabu mji wa uzazi pia. Mnyama hapewi chakula saa kadhaa kabla ya kazi, kwa jinsi daktari atakavyoagiza. Akirudi nyumbani, afungwe mahali pakavu penye kivuli, asioshwe, asikimbizwe na watoto, na azuiwe asilambe kidonda. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au mnyama akikataa kula siku ya pili, arudishwe kwa daktari bila kungoja tarehe ya nyuzi. Dume aliyekwisha kukomaa aweza bado kumpa jike mimba kwa majuma machache baada ya kuhasiwa, kwa hiyo kwa muda huo asiachwe nje na majike.